Vipimo vya Mteja wa Saa Saba

Barua ya kwanza kuingia kwenye programu mpya ya barua pepe ilikuwa na tarehe sahihi, saa sahihi na salamu za adabu, lakini mkono wa mteja ulikuwa na urefu wa inchi arobaini na moja.

"Mama," Sindano aliita, "kuna mtu ana mikono mirefu kuliko miguu yangu."

"Atakuwa amekosea kuandika," mama yake alijibu bila kuinua uso kwenye cherehani. "Au anacheza mpira wa kikapu. Wewe soma, mimi nikate."

Ndivyo kazi ilivyokwenda katika chumba kile cha mbele cha nyumba yao. Mama alikata na kushona. Sindano, binti mkubwa, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alisimamia kompyuta na mashine ya kudarizi. Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda ingawa alikuwa ametimiza miaka kumi na sita, alipiga pasi na kuchekesha watu. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, inakoroma kama mtu mwenye kifua kibovu, lakini hawakuweza kuibadilisha. Mashine ya kudarizi haikuelewana na kompyuta nyingine yoyote, na bila mashine hiyo hakuna nembo za sare, na bila nembo hakuna shule ambayo ingewaletea kazi.

Wiki moja kabla, programu ya barua pepe waliyoitumia miaka yote iligoma. Ilisema imepitwa na wakati, ikafunga mlango wake. Ndipo akaitwa Fundi Waya, fundi wa kompyuta wa mtaa, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono.

"Hiki ni kikongwe," alisema akiigonga kompyuta mgongoni. "Ukikipa programu za kisasa kinazirai."

Na kweli. Programu ya kwanza aliyoiweka ilikataa hata kufunguka. Ya pili ilifunguka, ila kila barua ikageuka vijisanduku vitupu. Fundi Waya alichakura mkoba wake hadi chini kabisa, akatoa sidii isiyo na maandishi yoyote.

"Hii sikumbuki niliipata wapi. Tujaribu."

Iliingia bila kusumbua. Mwishoni ilileta ukurasa mrefu wa maandishi madogo, na chini yake kitufe kimoja tu: Nakubali.

"Mbona hakuna cha kukataa?" Sindano aliuliza.

"Hayo hayasomwi na mtu, dada. Bonyeza twende."

Akabonyeza. Chumba kikanuka udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa linachoma.

Mteja wa mikono mirefu alitaka joho jeusi. Shingo inchi tisa. Pindo liburuze chini, lifunike miguu kabisa. Sindano alimjibu kama alivyowajibu wateja wote, kwa maneno yale yale aliyofundishwa na mama yake: Tumepokea. Karibu uje ujaribu nguo yako. Jibu lilirudi kabla hajaondoa kidole. Nitakuja saa saba mchana.

Alhamisi joho lilikuwa tayari, limetundikwa nyuma ya pazia, kwenye kona ya kujaribia nguo. Ilipofika saa saba mtaa ulikuwa kimya, watu wamejifungia ndani kukimbia jua.

"Hodi."

"Karibu!" walijibu wote watatu kwa pamoja, kila mtu macho kwenye kazi yake.

Hakuna aliyeingia. Pazia la kona likasogea, likatulia. Walisikia kitambaa kikivaliwa, mkono ukipita kwenye mkono wa joho, ukipita, ukiendelea kupita, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Kitinda alikuwa wa kwanza kulivuta pazia. Ndani hapakuwa na mtu wala joho. Kioo cha ukutani kilikuwa na ukungu wa pumzi, si mahali uso wa mtu unapofika, bali juu, karibu na dari.

"Labda ni joto," mama alinong'ona.

"Joto gani linavaa nguo, Mama?" Kitinda alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Barua ya pili ilifika kesho yake. Joho limenikaa vizuri. Sasa nishoneeni la bibi harusi wangu. Sindano alisoma vipimo kwa sauti, kama kawaida, na mama akiviandika kwa chaki mezani. Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na tano. Nyonga thelathini na sita. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Chini ya kwapa la kulia mshono uachwe huru, pana kovu la jipu la utotoni.

Chaki ilikatika mkononi mwa mama. Kovu lile alikuwa ameliosha mwenyewe, kila asubuhi, kwa miezi miwili. Wote wawili walimgeukia Kitinda, aliyekuwa anapiga pasi, akitabasamu peke yake kuelekea kwenye pazia.

"Unacheka nini?" Sindano aliuliza.

"Sicheki. Ananiambia nisiogope."

Kuanzia hapo Kitinda alipungua kama sabuni. Hakutoka jasho hata akiwa juu ya pasi. Mikono yake ilikuwa baridi, na kila saa saba alivuta kiti akaketi karibu na kona, akajibu maswali ambayo wenzake hawakuyasikia. Mama alisema hatashona gauni hilo ng'o. Lakini mchana wa siku ya nne, mama na Sindano wakimtazama Kitinda akiongea na pazia, mashine ya kudarizi iliamka yenyewe, waya wake ukiwa umechomolewa na kulala sakafuni, ikaanza kutembeza sindano juu ya kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka, ikadarizi maua ambayo hakuna aliyeyachora, taratibu, kwa subira, kama mtu anayejua kwamba hana haja ya kuharakisha kwa sababu anayemtaka hana pa kwenda.

Mama akatoka mbio kumwita mkunga.

Mkunga huyo ndiye aliyewapokea mabinti wote wawili duniani. Alikuwa ameacha kuzalisha, lakini watu walimwendea pia kwa mambo wasiyotaka kuyataja kwa sauti. Alimshika Kitinda nyayo, akanusa chumba, akasoma barua zote mbili kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Sidii iliwaletea barua tu," alisema kwa sauti ya chini. "Jini hakuingia kwa sidii. Nani alikuwa wa kwanza kumwambia karibu?"

"Mimi, bibi," Sindano alijibu. "Huwa tunawaandikia hivyo wateja wote."

"Basi kinywa kilichomkaribisha ndicho kitamkatalia. Kesho saa saba kaa mbele ya pazia. Mwambie: kazi yako tumeikataa. Mara tatu. Atakubembeleza. Usimpe kitu chochote, unanisikia, mjukuu wangu? Hata namba."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika ni nafuu. Omba asiwe mpole."

Kesho yake Sindano aliketi. Nyuma yake mama alikuwa amemkumbatia Kitinda kwa nguvu zote, na mkunga alisoma dua kwa pumzi. Udongo ulinuka. Pazia likajaa kutoka ndani.

"Kazi yako tumeikataa," Sindano alisema.

"Mlipokea," sauti ilijibu kutoka juu, laini, yenye adabu.

"Kazi yako tumeikataa."

"Nimeshawaalika watu wangu, dada. Nifike mikono mitupu? Sina ugomvi na mdogo wako. Nipe vipimo vya mwingine, nimwache."

Nyuma yake Kitinda alitoa sauti kama mtu anayezama, na Sindano, ambaye alikuwa amembeba mgongoni mtoto huyo tangu yeye mwenyewe hajajua kusoma, ambaye alimjua kwa mlio wa kandambili zake, aliliacha neno la tatu, akafikiri kwa haraka kwamba namba ni namba tu, kwamba akitunga za mtu asiyekuwepo hakuna atakayeumia, akainama mpaka midomo yake ikagusa pazia, akanong'ona ili mkunga asisikie.

"Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba. Nyonga thelathini na nane."

"Mabega?"

"La kulia limezidi robo inchi."

"Jina lake?"

"Hana jina."

"Usijali," sauti ikasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Ndipo akalisema neno la tatu. "Kazi yako tumeikataa!" alipaza, na pazia likaanguka chini lenyewe. Kitinda alilowa jasho papo hapo, akalia, akaomba maji. Mkunga alimtazama Sindano kwa muda mrefu.

Fundi Waya alikuja akaifuta ile programu, akaivunja sidii vipande vipande kwa kisigino. Safari hii alitafuta kwa makini. Aliwapatia programu nyingine ya zamani kama kompyuta yenyewe, isiyo na picha wala rangi, maandishi meupe juu ya skrini nyeusi kama ubao wa shule. Kikongwe kiliipenda. Sare zikarudi, nembo zikarudi, Kitinda akarudia utani wake.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja, tena asubuhi njema, aliingia msichana mmoja mgeni, mwenye uso mkunjufu.

"Nimeandikiwa barua pepe nije kupimwa hapa kwenu," alisema. "Wala simjui aliyeandika. Ila aliniuliza jina langu kwa adabu sana."

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akachukua utepe. "Sindano, andika. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba."

Kalamu ilisimama.

"Nyonga thelathini na nane. Ajabu, bega la kulia limezidi robo inchi. Andika basi, mbona unanitazama?"

"Kuna tatizo, dada?" msichana aliuliza. "Maana aliyeniandikia amesema ana haraka."

Sindano alifungua mdomo. Akamwona Kitinda upande wa pili wa chumba, jasho likimtiririka usoni juu ya pasi, akicheka jambo lake mwenyewe. Akaufunga mdomo, akainamisha kichwa, akaandika.