Kable ya Sauti ya Maman

Ikasikika! Jamani, ikasikika mupaka chini ya avenue! Sauti ya maman yetu! Ngoja, nianze vizuri.

Kesho dada yangu Charlène anaolewa. Kwetu hapa Kadutu, bibi-arusi akitoka mu nyumba, mama yake njo anamuimbia mupaka ku gari. Lakini maman iko mbali, Shabunda, anamuuguza bibi yetu, na ndege hakuna. Mwaka muzima hatuyamuona. Basi akaimba mu telefone, akatutumia. Kila mangaribi Charlène anaweka ile telefone ku sikio, anafunga macho.

Papa akasema: "Mutoto wangu atatoka na sauti ya mama yake, kwa nguvu!" Akatia ampli, ile mashini ya kuongeza sauti, na bafle kubwa ya kutolea sauti, mu kofre, kule nyuma ya gari. Waya ya kutoka ku batri akatumia ile ilibakia wakati tulitia lampe, taa, mu nyumba.

Leo asubui tukajaribu. Maman anaimba, sauti inapanda, iko karibu kuita jina ya Charlène… kimya! Ampli imezimika. Papa anarudilia. Inazimika palepale.

Charlène akaanza kulia. "Ata mu wimbo, maman hafike kwangu."

Nikakimbia kumuita jirani yetu, tonton Hugues, anatengenezaka courant, umeme ya magari. Akagusa waya. "Aïe! Iko moto! Papa Lucien, unataka kuchoma bibi-arusi?"

"Lakini lampe inawakaka na hii waya kila siku!"

"Lampe inakulaka courant kidogo. Ampli ni mulafi. Mu waya nyembamba courant inasukumana, nguvu inapotea mu njia. Sauti ikipanda, ampli inakosa chakula, inazimika. Na waya inaweza kuwaka."

"Basi nichague waya aje?"

"Kwanza, soma namba ku fuzibo ya ampli, kale kanakatikaka courant ikizidi. Iko quarante, arobaini: inaweza kula courant ya ampère quarante. Kisha pima njia ya kable, waya munene, toka batri mupaka kofre. Hapa ni metre tano. Courant ikiwa mingi, njia ikiwa murefu, kable inakuwa munene. Kwa yako, unene ya seize, kumi na sita, millimètres carrés, cuivre yenyewe, shaba, hapana aluminium ya kupaka rangi."

"Na hii ya masse, ya kurudia ku chuma ya gari?" nikauliza.

"Unene moja! Na fuzibo ingine, ya quarante, karibu kabisa na batri. Courant ikizidi, ikatike yeye, gari ibakie."

Papa akacheka. "Kumbe nilivalisha mwanaume munene viatu ya mutoto!"

Bakachomoa waya ku batri kwanza, bakatia kable mupya ya kwa tonton Hugues, na fuzibo yake. Papa akapandisha sauti. Maman akapanda, akapanda… "Charlène, mwanangu, enda na amani!"

Avenue yote bakapiga vigelegele! Charlène akakumbatia bafle na mikono mbili, kama mabega ya mutu.

"Iko mbali bado," akasema polepole. "Lakini nimemusikia mu kifua."

Kesho asubui njo atatoka. Kama atafika ku gari bila kuanguka na machozi, sijue. Nitakuja kukuambia kesho mangaribi, viatu mukononi, miguu imechoka na kucheza.