Nyota Tatu Kabla ya Harusi

Kilichoibwa kilikuwa hati ya kughushi, na kila mtu katika taasisi alijua kuwa ni ya kughushi. Kwa miaka ishirini na miwili ilikaa ndani ya kabati la kioo mlangoni mwa maktaba, na chini yake kibao kidogo kilisema hivyo waziwazi, ili wanafunzi wajifunze kutodanganyika. Sasa kabati lilikuwa tupu. Kioo hakikuvunjwa, kufuli halikukwaruzwa.

"Nani anaiba uongo?" sajini aliuliza, huku akipakaza unga wa kusaka alama za vidole.

 Inspekta alikuwa amekikodolea macho kile kibao. Kituoni walimwita Mkasi, maana alikata maneno ya watu kabla hayajafika mbali. Maelezo ya shahidi ambayo wenzake waliyajaza kurasa nne, yeye aliyamaliza kwa nusu ukurasa. Wakubwa walimpendea hilo. Ila leo ulimi ulikuwa mzito. Hati hii aliijua. Alikuwa konstebo wa miezi minane, binti mbichi kabisa, alipotumwa kumtia mbaroni mtu aliyesemekana kuitengeneza, na kesi hiyo ndiyo iliyompa utepe wake wa kwanza wa cheo.

Mtunza nyaraka alikuwa mama mnene mwenye jozi mbili za miwani, moja usoni na nyingine kichwani. Alisema hati ilikuwepo saa saba alipokwenda kula. Saa tisa aliporudi, haipo.

"Ulikula kwa saa mbili nzima?"

"Kulikuwa na foleni, afande."

Funguo za kabati zilikuwa mbili. Moja aliivaa shingoni, na nyingine ilitundikwa kwenye msumari ofisini, mahali ambapo hata paka wa jengo alipajua. Mlinzi wa getini naye aliapa kwamba hakuna mfuko uliotoka bila kupekuliwa. Hata mwavuli wa mkurugenzi aliufungua, na mkurugenzi akanuna.

"Basi imo humuhumu ndani," Inspekta alisema.

Mtunza nyaraka alicheka kwa uchungu. Humu ndani kulikuwa na maboksi elfu nne, kila mwaka na maboksi yake. Karatasi ikitiwa boksi lisilo lake, alisema, ihesabu imezikwa.

Alipoulizwa anamshuku nani, alivua miwani ya usoni akavaa ya kichwani. Hakutaka kumsema mtu. Lakini yule aliyefungwa kwa ajili ya hati hiyo, aliyekuwa msaidizi wa Profesa, siku hizi alichora mabango ya maduka, na wiki iliyopita alionekana amesimama getini kwa muda mrefu.

Profesa mwenyewe alitokea wakati huo, mrefu, mkavu, ndani ya koti lililozeeka pamoja naye. Ndiye aliyewafundisha wote mle ndani kuzisoma ngao za koo za kale, zile nembo zao, na kubadili tarehe za kalenda zilizokufa. Ijumaa ile maktaba ilikuwa ipewe jina lake. Alisema polepole kwamba wasijisumbue, karatasi yenyewe haikuwa na thamani, na kwamba angeomba yule bwana asibughudhiwe. Ameshateseka vya kutosha.

Kila mtu aliona huo ni uungwana. Inspekta pia aliona hivyo, akatoka kwenda kumbughudhi.

Mtaa ulikuwa uleule. Mchora mabango alikuwa amechutama mbele ya nyumba yake, akipaka rangi ya dhahabu kwenye nembo ya shule. Nywele zilikuwa zimemjaa mvi. Alipouona mwanga umezibwa aliinua uso, akamtazama Inspekta kwanza usoni, kisha viatuni.

"Umerudi," alisema.

"Ulikuwa wapi leo saa saba mpaka saa tisa?"

"Hapahapa. Muulize kinyozi."

Kinyozi wa jirani, aliyekuwa ameshatega sikio, aliitikia kabla hajaulizwa.

"Na wiki iliyopita, pale getini?"

"Nilimsindikiza binti yangu."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa chini ya miaka thelathini alitoka, kalamu ikiwa sikioni. Alijitambulisha kuwa mtafiti wa kalenda za kale kutoka chuo kingine, na kwamba ndiye aliyejaza fomu ya kuomba kuisoma ile hati kesho asubuhi. Pale taasisi hakuna aliyejua ni mtoto wa nani.

"Unanikumbuka, afande?" aliuliza. "Nilikuwa na miaka saba. Nilikuuliza, baba amefanya nini?"

Inspekta alikumbuka. Siku ile majirani walikuwa wamejaa barabarani, na yeye, akiwa mgeni wa kazi na mwenye hamu ya kuonekana, alilijibu lile swali kwa sauti ya kusikika na wote. Alisema, "Baba yako ameandika uongo." Kisha akafunga pingu. Uso ulimwaka moto sasa kama aliyepigwa kofi.

"Nieleze hiyo hati," alisema. "Yote."

Binti alimtazama baba yake.

"Mwambie wewe, mwanangu," mchoraji alisema bila kuinua brashi. "Mimi nilishamwambia mara moja."

Binti alieleza kwa kuchora chini kwa kijiti. Palikuwa na bwana mmoja wa zamani, ngao yake ikiwa na simba. Akamwoa binti wa ukoo ambao ngao yao ilikuwa na nyota tatu, na kuanzia siku ya harusi ngao yake ikakatwa katikati, simba upande huu, nyota za mke upande ule. Harusi ilikuwa mwezi Juni, mwaka 1690. Sasa ile hati aliyoileta baba yake ilipigwa muhuri wa lakiri wenye simba na nyota, lakini tarehe yake ni Februari, mwaka huohuo wa 1690.

"Profesa aliiambia mahakama kwamba mtu hawezi kuvaa nyota za mkewe miezi minne kabla ya kumwoa," binti alisema. "Kwa hiyo baba kaitengeneza mwenyewe."

"Na si kweli?"

"Afande, mwaka wao ulianza lini?"

"Januari."

"Mwishoni mwa Machi. Watu wale walifungua mwaka mwezi wa tatu. Februari ilikuwa mkiani mwa mwaka, baada ya Juni, si kabla. Hati hiyo kwa hesabu yetu ni ya 1691. Wakati huo bwana alikuwa ameshaoa miezi minane."

Inspekta aliitazama michoro ile mavumbini. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Akauliza kwa nini baba yake hakulisema.

Mchoraji aliweka brashi chini.

"Nililisema. Kwako. Usiku mzima sikuzungumza jingine."

Kituoni, ghala la majalada lilinuka mende na karatasi iliyolowa. Alilitafuta jalada mwenyewe, hakumtuma sajini. Maelezo ya mtuhumiwa yalikuwa nusu ukurasa, kwa mwandiko safi wa konstebo aliyetaka kusifiwa. Mstari wa saba ulisema: *Mtuhumiwa alieleza habari ndefu za kalenda, zisizohusu kesi.*

Aliusoma mara tatu. Alijisikia mdogo kama sisimizi. Mahakamani mshtakiwa aliliinua tena suala la kalenda, lakini Profesa aliapa kuwa huko alikotoka bwana wa simba mwaka ulikuwa umeshahamishiwa Januari, na maelezo ya polisi hayakuwa na neno la kumwunga mkono. Akafungwa mwaka na nusu. Mkewe hakumsubiri.

Kesho yake asubuhi Inspekta alirudi taasisi. Hakuenda kutafuta hati. Alitaka tu, kwa kuchelewa kwa miaka ishirini na miwili, kuhakikisha jambo alilolikata. Alimwomba mtunza nyaraka boksi la mwanzo wa 1691, aone kama kuna karatasi nyingine za bwana wa simba za miezi hiyo.

"Hilo? Halijaguswa miaka," mama alisema akilivuta rafuni. Kisha akasita. Maboksi ya kulia na kushoto yalikuwa na vumbi la kuandikia jina. Hili lilikuwa limefutwa.

Waliliweka mezani, wakavaa glavu nyeupe za pamba. Hati ilikuwa katikati ya nyenzake, imefungwa ndani ya karatasi mpya ya kinga, muhuri wake mwekundu umemeguka kidogo pembeni. Simba upande huu, nyota tatu upande ule. Mtunza nyaraka alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

Juu ya karatasi ya kinga, kwa penseli, palikuwa pameandikwa tarehe jinsi wataalamu wanavyoiandika wanapojua mwaka ulikuwa na vichwa viwili: *Februari 1690/91.*

"Mwandiko wa nani huu?" Inspekta aliuliza, ingawa aliiona sura ya mama.

"Afande, usinilazimishe kusema."

"Nakuuliza."

"Kila mtu humu amefundishwa kuandika na mtu huyo."

Karatasi ilipelekwa maabara. Saa nane mchana jibu lilirudi: alama za kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, zimejitokeza vizuri. Mtu aliyeshika hati kwa glavu alikuwa amevua moja ili aandike. Glavu zenyewe zilikutwa katika droo ya Profesa, na vipande vya lakiri nyekundu vimenasa kwenye nyuzi.

Profesa hakubisha. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake mikono juu ya mapaja, na suti ya Ijumaa imetundikwa kwenye kabati, bado ndani ya nailoni ya dobi.

"Ulijuaje kwamba hati ingekugeuka?"

"Fomu ya yule binti," alisema. "Kuna mahali pa kuandika kusudi la utafiti. Aliandika: *kuhakiki mwanzo wa mwaka.* Nikajua amefika kwenye jibu."

"Kwa nini hukuichoma?"

Alishtuka kweli. "Miaka hamsini nimeshika hati. Sijawahi kuchoma hata bahasha."

"Ungeweza kuitupa boksi lolote. Kuna elfu nne."

"Nilisimama na boksi la 1540 mkononi. Sikuweza." Alifikiri. "Nikaipeleka kwenye boksi lake."

"Na ukaiandika tarehe."

"Sikujijua kama nimeandika. Ni mazoea."

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi. Swali lililofuata lilikuwa gumu kwake kuliko kwa Profesa, kwa hiyo aliliuliza taratibu. Alimuuliza alijua lini.

"Mahakamani niliapa nikiamini," Profesa alisema. "Hilo naomba uliandike. Miezi minne baadaye nikapata daftari la karani wa bwana huyo. Desemba, Januari, Februari, Machi, na mwisho wa Machi ndipo akaandika: mwaka mpya umeanza. Nilikaa chini pale sakafuni."

"Msaidizi wako alikuwa bado gerezani."

"Alikuwa amebakiza mwaka na miezi miwili. Nilivaa koti niende mahakamani. Nikafika kwenye ngazi, nikaona waandishi wa habari waliokuja kwa kesi nyingine. Nikasema nitakwenda Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Zimepita elfu moja mia moja na kitu. Hesabu ndiyo kazi yangu, afande. Kila moja nilivaa koti." Alilitazama koti lake. "Si cheo nilichokiogopa. Wala si jina juu ya mlango. Kila siku niliyonyamaza ilikuwa ya kuelezewa pia, na mwishowe sikuwa na maneno ya kuzieleza zote. Yule kijana nilimpenda kama mwanangu. Nilimpita barabarani akiwa juu ya ngazi, anachora bango la duka la viatu, nikavuka upande wa pili."

Machozi yalimtoka bila sauti. Inspekta alitaka kumchukia, na angekuwa na haki, lakini kila alipojaribu aliuona mstari wa saba. Mzee huyu alinyamaza kwa woga. Yeye alinyamazisha kwa uvivu, akapewa utepe. Alimwandika Profesa neno kwa neno, kurasa kumi na moja, na hakumkatiza hata pale mzee alipopotelea kwenye habari za miezi ya kupatwa kwa jua. Kisha akachukua karatasi nyingine akaandika maelezo yake mwenyewe, akaitia sahihi, akaiweka ndani ya jalada lilelile.

Jioni, kabla ya jua kuzama, alikwenda mtaani kwa miguu. Mchoraji alikuwa akiikausha nembo ya shule ukutani. Binti alikaa kizingitini. Inspekta alivua kofia, akawaeleza yote: boksi, penseli, daftari la karani, na kwamba mwendesha mashtaka angeiomba mahakama ifute hukumu. Akaeleza na mstari wa saba. 

 Mchoraji alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Nisamehe, mzee wangu," Inspekta alisema.

"Siku ile hukuniambia mimi peke yangu," mchoraji alijibu. Hakuwa na hasira. Alionyesha barabara kwa kidevu.

Inspekta alielewa.  Kulikuwa na wateja kwa kinyozi, wanawake wawili wenye ndoo, mzee mwenye redio, wale waliokuwepo zamani na waliozaliwa baadaye. Alisimama katikati ya barabara, kofia kwapani, akapaza sauti kama alivyoipaza akiwa konstebo. Alisema huyu bwana hakughushi kitu. Hati yake ilikuwa ya kweli, alilisema hilo tangu siku ya kwanza, na polisi aliyekataa kuliandika ni yeye mwenyewe anayesema.

Kinyozi alizima mashine. Mzee alipunguza redio. Inspekta alisimama pale watu wakimtazama, akaacha wamtazame.

Kisha akarudi mpaka kizingitini, akainama, macho yake yakawa sawa na ya binti.

"Uliniuliza baba amefanya nini," alisema. "Hakufanya kitu."

 Binti akasogea kidogo upande, akamwachia nafasi ya kukaa.