Sanda ya Rubani

Jua lilikuwa limezama upande wa pili wa ziwa Felista alipokwenda kukata nyasi kavu za kuchomea vyungu. Alfajiri mtumbwi ungeondoka kijijini Ikombe kwenda sokoni, na vyungu vyake tisa vilikuwa bado vibichi.

Alifanya kazi kama mtu aliye usingizini. Tangu mwanawe Marta afe kwa homa, wiki sita sasa, mikono ilifinyanga, mdomo ulisalimia watu, na ndani hapakuwa na kitu. Hata kulia hakulia. Mtoto alikuwa na miaka minne.

Njia ilipita kando ya kaburi la rubani. Mwaka uliotangulia, vita ya Wazungu ikiwa imepamba moto, ndege ilianguka ziwani. Mumewe Eliud, mvuvi, akamwopoa Mzungu kijana, ndevu hazijakomaa, amekufa, amenaswa kwenye kamba za mwavuli wake wa kurukia. Ulikuwa mwavuli wa hariri nyeupe, mpana kuliko paa la nyumba. Eliud akaukata, akauficha. Rubani wakamzika na koti lake la ngozi lenye manyoya ndani. Boma likatuma askari kuchukua kibati cha jina shingoni. Mwili ukabaki.

Marta alipokufa, nyumbani hapakuwa na nguo nzima, na madukani vita ilikuwa imemaliza vitambaa. Felista akatoa ile hariri, akamviringisha mwanawe.

Aliinama kukata nyasi.

Upepo ukakatika.

Ikaja harufu. Petroli... na nywele zilizoungua.

Chwa... chwa... chwa...

Viatu vilivyojaa maji vilikuwa vinapanda kutoka ufukweni. Felista hakukimbia. Woga aliusikia, ila kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha ng'ambo.

Vikasimama nyuma yake.

"Mama," sauti ikanong'ona, kwa Kikisi safi cha mzaliwa wa Ikombe. "Mwavuli wangu uko wapi?"

Akageuka. Ni yeye. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mikono ya koti.

"Nimemzika nao mwanangu."

"Wapi?"

"Nyuma ya kanisa."

"Mdogo?"

"Miaka minne. Usimwache wazi, baba. Huku baridi inashuka kutoka mlimani."

Meno ya kijana yakagongana.

"Hata mimi nasikia baridi," akasema.

Akaanza kutembea kuelekea kanisani.

Hapo ndipo mwili wa Felista ulipozinduka. Alitupa mundu, akakimbia, akamtangulia kwa njia ya mkato, akajilaza juu ya kaburi la mtoto. Akasubiri. Chwa... chwa... Vikafika miguuni pake.

Kimya.

Eliud alimkuta pale giza likiingia. Udongo haukuwa umeguswa. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Usimwambie mtu. Watasema umerogwa. Au wewe ndiye unayeroga."

Vita ikaisha. Mwaka uliofuata wakaja Wazungu wawili wa serikali, kumhamishia rubani kwenye makaburi ya askari. Eliud akapewa kazi ya kuchimba. Felista alisimama kando na wanawake wengine.

Koti halikuwepo.

Mifupa ilikuwa imeviringishwa hariri nyeupe, kichwa hadi miguu. Kwenye pindo ulipita uzi mweusi, mishono mirefu ya kupinda. Felista aliifahamu mishono ile. Aliishona mwenyewe siku aliyomzika Marta.

"Mmemzika vizuri," yule mkubwa wa wale Wazungu akasema. "Nani alimfunika?"

Eliud alikuwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, kama atakayeanguka. Mzungu akasoma jina kwenye karatasi yake, na umri: miaka kumi na tisa.

Jioni hiyo Eliud alichukua jembe.

"Tumfukue Marta," alisema. "Tujue amelala na nini."

"Weka chini."

"Mke wangu, wewe hutaki kujua?"

"Weka chini, Eliud."

Akaliweka. Tangu siku hiyo Eliud akienda kanisani alipita njia ya mbele tu. Felista ndiye aliyeketi kule nyuma kila Jumapili, akitaja majina mawili katika sala: la Marta, na lile la kigeni alilosikia mara moja, ambalo ulimi wake haukuweza kulinyoosha.

Na udongo wa kaburi lile dogo haukukauka, hata kiangazi.