Kisukari cha Bosi

Kila asubuhi, Laban alifungua duka lake la nafaka katika mtaa wa mabanda wa Obunga, akawasha jiko, akapika chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Alimimina kikombe chake, cha mkewe Nabwire, na kisahani kimoja cha paka. Kwao Busia mtu hatoki nyumbani bila chai. Laban hakuona kwa nini paka anyimwe.

Paka huyo aliitwa Bosi, kwa kuwa alilala juu ya magunia na kuamrisha kila mtu. Kwa miaka minane, panya hawakuthubutu kugusa mahindi yao. Laban alimpenda kupita kiasi, wala hakuona haya kulisema.

Kisha Bosi akaanza kubadilika. Alimaliza bakuli la maji na kutaka jingine. Alikojoa kila mara. Alikula sana, lakini alikonda, na miguu ya nyuma ikalegea. Wateja walisema ni uzee. Laban akamwongezea chai apate nguvu.

Siku moja Nabwire akamwita mumewe nyuma ya duka. Mchanga aliokojolea Bosi ulikuwa umejaa sisimizi.

"Baba Naswa, hawa wanatafuta nini kwa mkojo?"

Laban alichutama, akawatazama.

Wakampeleka Bosi kwa Seline, daktari wa mifugo. Seline alitoa tone la damu sikioni, akapima, akasema ni kisukari.

"Kisukari si ni ya watu?" Laban aliuliza.

"Hata paka hupata, Mzee. Mwili wake unashindwa kutumia sukari ya chakula. Sukari inabaki kwa damu, ingine inatoka na mkojo. Sisimizi walijua kabla yenu."

Maisha yake yote Laban alikuwa akiwakanyaga sisimizi bila kuwafikiria.

Seline akawaeleza kwa utaratibu. Chai, mandazi na ugali basi. Bosi ale samaki au nyama iliyochemshwa bila chumvi, wambadilishie polepole. Adungwe insulini chini ya ngozi, asubuhi na jioni, saa zilezile, akishakula. Kipimo wasikibadilishe wenyewe. Dawa ikae mahali penye baridi, lakini isigande. Oketch, jirani yao mwenye friji ya soda, akakubali kuwawekea.

"Na asipokula, usimdunge," Seline alimaliza. "Nipigie kwanza. Akilegea ama kutetemeka, mpake asali kwa ufizi, halafu mlete mbio."

Siku ya kwanza Laban alidunga kwa woga. Bosi hata hakugeuza kichwa.

Wiki tatu zikapita vizuri. Halafu asubuhi moja Bosi akanusa samaki, akageuka. Zamani Laban aliugua kifua kikuu, akapona kwa kutoruka dawa hata siku moja. Dawa hairukwi, hilo lilikuwa limemwingia damuni. Akamdunga.

Kabla ya saa nne, Bosi aliyumba, akaanguka katikati ya magunia, akitetemeka. Laban alipiga magoti. Aliogopa kumgusa.

Nabwire alichovya kidole kwenye asali, akampaka ufizini kidogo kidogo, asije akapaliwa. Walisubiri. Sikio likacheza. Macho yakafunguka. Bosi akalamba mdomo. Laban alistaajabu: sukari ileile iliyokuwa ikimmaliza paka wake ndiyo iliyomrudisha.

Walimkimbiza kwa Seline. Akakuta jino bovu, ndilo lililomzuia kula. Laban akamweleza kwa nini alimdunga hata hivyo.

"Ile dawa yako ya kifua ilikuwa ya kuua viini, Mzee. Hii inashusha sukari. Kama hajala, inashusha mpaka chini kabisa."

Laban alimpakata Bosi. Machozi yalimlengalenga.

Jino likang'olewa. Bosi akanenepa kiasi, akatembea imara. Miezi minne baadaye, Seline alikuwa ameshapunguza dawa hatua kwa hatua. Akapima tena, akasema sindano zisimame. Si paka wote hufika hapo, alionya, na ugonjwa waweza kurudi. Waendelee na chakula kilekile na kumleta apimwe.

Wiki iliyofuata, gari kubwa lilisimama mbele ya duka. Mama mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, alishuka na paka kikapuni na insulini mkononi. Seline ndiye aliyemwelekeza kwa Laban, ajifunze kudunga.

Laban alinawa mikono, akaweka samaki chini. Mama yule tayari alikuwa amevuta dawa kwenye sindano.

"Ngoja ale kwanza, Mama," Laban alisema. "Mimi sikungoja. Karibu nimuue."

Wakakaa wote wawili, wakamtazama paka akila.