Tepe za Ijumaa na Ukurasa wa Bibi Pacing

Ndugu zangu wa Santa Basilia, nyumba ya Bibi Pacing mnaijua. Ni ile yenye maua mekundu mbele, inayotazamana na duka langu la mabango. Miaka michache iliyopita ilikuwa nyumba ya raha. Jioni ungewakuta barazani, Bibi Pacing akicheza bao la kete za kauri na mjukuu wake Crisanta, wakati huo akiwa darasa la tatu. Macho ya bibi yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo alizipapasa kete kwa vidole. Crisanta hakuhitaji kupapasa. Alitupia jicho tu, akajua kila shimo lina ngapi, akamfunga bibi yake bila huruma.

"Huyu mtoto mwizi!" bibi alikuwa akilalamika huku anacheka.

"Bibi, ukishindwa kubali tu!"

Mama yake, Ningning, mkwe wa bibi, alikuwa jikoni akipika wali. Baba yake, Godofredo, alikuwa baharini kwenye meli za mizigo, na sauti yake iliingia humo ndani kwa simu kila Jumapili. Basi, nyumba hiyo yenye kicheko ndiyo iliyoingiwa na ugonjwa ninaotaka kuwaeleza. Hakuna aliyeleta pombe wala kamari. Kilichoingia ni kitu kizuri kabisa, nacho ni kazi ya ziada ya shule.

Mwalimu Editha alikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa watoto wa darasa la tatu walirudi nyumbani na hadithi ya kusoma, waiandike upya kwa maneno yao wenyewe, pamoja na hesabu moja ngumu iliyoandikwa kama kisa: fulani ana vikapu hivi vya machungwa, kampa shangazi nusu, na kadhalika. Jumatatu waliirudisha. Ijumaa, bendera ikiteremshwa, aliyefanya vizuri kuliko wote alivikwa utepe mbele ya shule nzima, na mzazi ndiye aliyeitwa kuubandika kifuani.

Ijumaa ya kwanza Crisanta alikaa na hadithi yake mpaka wali ukapoa. Herufi alizijua, lakini zikikaa pamoja zilimkimbia. Akaanza kulia. Ningning akanawa mikono, akaja kukaa karibu yake.

"Lete hapa, mwanangu. Leo tu."

Mnajua wenyewe ile "leo tu" inavyozaa. Ningning alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Utotoni aliachishwa shule kwenda kulea wadogo zake, wala hakuwahi kuvikwa utepe wowote. Hadithi alizoandika zilikuwa tamu. Crisanta alizinakili kwa mwandiko wake, akazikariri asikwame akiulizwa, akashinda. Ningning akapanda jukwaani na gauni lake la kanisani, akambandika mtoto utepe, na picha ikaruka hadi kwenye meli. Godofredo akapiga simu analia kwa furaha. Baada ya hapo, nani angethubutu kuacha?

Tepe zikajaa ukutani. Sote tukamvisha mtoto kilemba cha ukoka. Ni Bibi Pacing tu aliyeuliza, na yeye ndiye asiyeona.

"Ningning, mbona simsikii mtoto akisoma? Nasikia kalamu tu."

"Anasoma kimoyomoyo, mama. Siku hizi ndivyo wanavyofundishwa."

"Haya," bibi akasema, ila hakuridhika.

Mwalimu Editha hakuwa mjinga. Aliona kwamba Crisanta akipewa namba tupu anamaliza kabla ya wenzake wote, lakini namba hizohizo zikivikwa maneno, mtoto anatazama dari. Siku moja akaja nyumbani kwao. Nilikuwa pale nikifunga bango la jirani, nikasikia kila kitu.

"Mama Crisanta, mtoto ana akili sana, nakuapia. Ila hajui kusoma. Nimuweke kwenye benchi la kusoma, kila siku baada ya masomo. Akianza sasa, kabla mwaka haujaisha atakuwa sawa."

Benchi hilo liko kwenye ukumbi wa nje wa maktaba, watoto wanaosoma kwa kubabaika wanakaa hapo, na wenzao wakipita wanawaita makobe. Ningning akabadilika rangi.

"Mwanangu mimi? Na tepe zote hizi? Mwalimu, unataka watu waseme nini? Baba yake nimwambie nini?"

"Tepe hizo, dada yangu, nadhani nilikuvisha wewe."

"Kama una chuki na sisi, sema tu!"

Mwalimu akainuka. Chai aliyoandaliwa hakuimaliza. Mlangoni akageuka, akasema polepole, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaenda zake.

Zikabaki wiki chache kufika Juma Kuu. Uani kwa Bibi Pacing ndiko inakofanyika pabasa ya mtaa wetu: tunajenga kikanisa cha mianzi, tunakaa na vitabu, tunaimba Mateso ya Bwana kwa zamu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na wapishi hawatoki jikoni. Nadhiri ya kuifanya kila mwaka bibi aliirithi kwa mama yake. Mwaka ule akamwita mkwewe.

"Macho yananiaga, Ningning. Nataka nimsikie mjukuu wangu akisoma. Nadhiri hii nitamwachia yeye, lakini anayeipokea lazima awe msomaji. Anaweza?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema kweli. Nyumbani, kwa mama mkwe anayempenda, bila jukwaa. Ningning akajibu, "Anaweza, mama. Si unaona tepe zake?" Kumwambia kipofu "si unaona"!

Akamkaririsha mtoto ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari pamoja na sauti yake, akijua wasomaji wapya huanzishwa hapo. Kisha akaja dukani kwangu.

"Kaka Teroy, nataka bango kubwa. Sura yake hapa, na hapa uandike: HONGERA CRISANTA, MSOMAJI WETU WA PABASA."

"Dada, si usubiri asome kwanza?"

"Wewe chapa! Mwezi uliopita si ulimchapia mtoto wa diwani na matokeo hayajatoka?"

Ni kweli. Ndivyo tulivyo watu wa hapa: mtoto hajaingia hata chumba cha mtihani, sura yake ishaning'inia getini. Nikachapa. Turubai la bango likafungwa mbele ya kikanisa, Crisanta anacheka meno yote nje.

Siku ikafika. Watu walijaa, chai ya tangawizi inazunguka, Godofredo anasikiliza kwa simu kutoka bandari ya mbali. Crisanta alikaa karibu na bibi yake, kitabu mapajani, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa, akapindua kurasa mpaka akagusa ua kavu lililobanwa katikati.

"Hapa, mpenzi wangu. Mama wa Bwana anapoagana na mwanawe. Mama yangu alianzia hapa aliponikabidhi mimi. Na wewe anzia hapa."

Nilimwona Ningning kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Crisanta aliutazama ukurasa ule. Akamtazama mama yake. Kisha, maskini, akainua sauti nzuri ya kumtoa mtu machozi, macho yake kwenye ukurasa wa kuagana, akaimba ukurasa wa kwanza.

Vitabu vilikuwa mikononi mwetu. Tukatazamana. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaanza kucheka, "Huyo anasoma wapi?" Nikatamani lile turubai lingetufunika sote.

Ndipo Bibi Pacing, ambaye kitabu kizima kilikuwa kichwani mwake, akaingia. Aliimba ukurasa wa kwanza pamoja na mjukuu wake, kwa nguvu, kana kwamba ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Tukaona aibu. Tukarudisha kurasa zetu nyuma, tukawafuata mpaka mwisho.

"Endeleeni," bibi akasema. Akamshika mtoto mkono, wakaenda jikoni.

"Bibi, mimi sijui kusoma," nilimsikia Crisanta. "Namba najua. Maneno ndiyo siyajui."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Mama alisema baba atahuzunika."

Birika lilimtoka Ningning mkononi. Alikaa chini palepale, kwenye sakafu iliyolowa, akalia kama mtoto.

Jumatatu baada ya Pasaka alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Editha kuomba radhi, na Crisanta akaanza kukaa benchini. Watoto hawakumhurumia. "Kobe! Tepe zako zimeliwa na mende?" Alirudi analia, lakini kesho yake alikwenda tena. Jioni bao likawekwa kando, akasoma ukurasa ule wa ua kavu barazani, kidole chini ya neno, na bibi yake akisikiliza. Kila alipokwama, sisi wapita njia tulitaka kumtajia. Ningning ndiye aliyetaka zaidi, midomo ilimcheza. Bibi alinyoosha mkono kumzuia.

"Mwache. Mimi nina nafasi."

Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu nafasi hakuwa nayo. Mvua za Agosti zilimletea homa ya mapafu. Crisanta alimsomea kitandani. Alipita mistari miwili, akakwama kwenye neno refu la mstari wa tatu. Bibi alisubiri. Neno alilijua kuliko jina lake, na pumzi zilikuwa zinamwishia, lakini hakulitaja. Alisubiri mpaka akalala, na hakuamka tena.

Ningning alinishika mkono mazishini. "Kaka Teroy, zile Ijumaa zote. Angeshamsomea kitabu kizima." Maji yakimwagika hayazoleki. Lile turubai walifunikia banda la nguruwe, na mpaka leo ukipita nyuma unaiona sura ya Crisanta inacheka kichwa chini.

Juma Kuu lililofuata kikanisa kilijengwa tena. Crisanta alikaa karibu na kiti kitupu cha bibi yake, bila bango. Akafungua penye ua kavu. Alisoma polepole, bila madoido. Kwenye mstari wa tatu akakwama, neno lilelile. Sote tulilijua. Hakuna aliyefungua kinywa. Ningning alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Tulisubiri mpaka chai ikapoa vikombeni, na mtoto akalisema.

Akauvuka mstari, akaumaliza ukurasa. Kisha akageuka kukitazama kiti, kama mtu anayetaka kuuliza, "Umesikia?" Hapo ndipo kina mama walipolia.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kazi ya mtoto mwacheni mtoto aifanye, hata akiikosea, hata akikosa utepe. Ukimfanyia, unapata sifa wewe, na yeye anabaki mtupu, tena anabeba siri ambayo mabega yake hayaiwezi. Mwalimu akikwambia mtoto ana upungufu, mshukuru, usimfukuze. Benchi la makobe aibu yake hupita. Kilichompita Crisanta hakirudi. Leo anasoma kuliko wenzake wote, lakini sikio lililotaka kumsikia halipo. Kwa hiyo mwanao akikwama kwenye neno, kaa karibu naye, nyamaza, umsubiri, ungali upo.