Kibao Nilichomvisha Agripina

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa watoto watatu, umri wangu miaka arobaini na mbili. Haya ninayoyaandika mume wangu hayajui, na hata padri sijamwambia. Naomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu...

Nilifundisha Biharamulo miaka mingi kabla ya kuhamishiwa nyumbani, Keza, wilayani Ngara. Nilifurahi mno! Watoto wa kwetu huanza shule wakijua Kihangaza tu, na Kihangaza ndiyo lugha yangu. Mtoto asipoelewa Kiswahili cha kitabuni, nilimnong'oneza cha nyumbani, akacheka, akaelewa.

Kisha ukaja waraka. Shule yetu imechaguliwa: masomo yote kwa Kiingereza, kuanzia darasa la kwanza! Tukapewa semina ya siku mbili na vitabu nusu boksi. Siku mbili, jamani! Mimi Kiingereza nilikiaga nilipomaliza chuo, na hata huko chuoni hatukuwa marafiki.

Mwalimu mkuu akatuonya kwamba atakayeshindwa, jina lake litapelekwa wilayani. Nikawa nakariri sentensi kila asubuhi huku nakoroga uji wa wanangu. Lakini maswali je? Mtoto akiniuliza nje ya zile sentensi, nitajificha wapi?

Ndipo nikafanya ninalolijutia. Kwenye kikao cha walimu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilipendekeza turudishe kibao. Wa rika langu mnakikumbuka: kipande cha ubao chenye kamba, anavishwa shingoni anayeongea lugha ya nyumbani, na atakayekutwa nacho mwisho wa vipindi anasafisha vyoo kesho yake asubuhi. Mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya wote.

Sikuwaambia sababu yangu. Watoto wakinyamaza, nani atajua kwamba mwalimu wao hajui kitu?

Wakanyamaza kweli.

Agripina alikuwa na miaka saba, mtoto wa jirani yetu wa bondeni, msemaji kweli kweli. Wiki ya kwanza kibao hakikumtoka shingoni. Ya pili akaanza kujifunza kufunga mdomo kama wenzake.

Asubuhi moja, baada ya usafi, alinifuata mezani akanishika sketi. Akaanza kusema kitu kwa Kihangaza, harakaharaka. Sikumwacha amalize! Siku hiyo mkaguzi wa shule alikuwa ofisini, ukuta wa pili tu. Nikamfokea aseme kwa Kiingereza... na mimi mwenyewe nilifoka kwa Kiswahili! Akafungua mdomo, akaufunga. Nikamvisha kibao, akarudi kukaa akichechemea kidogo. Nilimwona akichechemea. Mungu anisamehe, nilimwona!

Saa ya uji hakutoka. Nikadhani amenuna.

Saa sita wenzake waliposimama kwenda nyumbani, yeye hakusimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, kiatu hakivuliki. Alikuwa ameumwa na nyoka, kifutu, nyuma ya vyoo, akizoa takataka, tangu asubuhi! Nikapiga kelele: mbona hamkuniambia? Darasa zima likanitazama. Walikuwa wanajua wote, ila hakuna aliyejua kulisema kwa Kiingereza.

Nilimpakata kwenye pikipiki hadi hospitali nikilia njia nzima. Alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari akasema angeletwa mapema huenda ungeokolewa.

Mama yake alipofika alinipigia magoti. "Shikamoo, mwalimu. Bila wewe mwanangu angekufa." Na mimi nikaitikia marahaba! Nikaipokea ile shukrani kama yangu. Agripina alikuwa macho kitandani, ananitazama. Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba alinifuata mezani asubuhi ile.

Mwaka huu mama yule amekuja kumwandikisha mdogo wake Agripina, Odeta. Walimu wengine hakuwataka, anataka mimi niliyemwokoa dada yake. Agripina alisimama kando na magongo yake. Nikainama, nikamuuliza Odeta jina lake, kwa Kihangaza, polepole. Mtoto akafungua mdomo, halafu akamgeukia dada yake kwanza.

Dada yake akatikisa kichwa kumkataza. Odeta akafunga mdomo.

Walimu wenzangu, nawasihi! Mkiletewa lugha msiyoijua, semeni hamuijui. Ningelisema hilo kwenye kikao kile, ningeaibika, pengine ningehamishwa, yangeisha. Niliona aibu, na mtoto wa mwenzangu akailipia kwa mguu wake. Mtoto akikushika nguo akaanza kusema, msikilize kwanza, hata aseme kwa lugha gani!

Kile kibao nimekichoma jikoni kwangu, lakini hakijanitoka moyoni. Kesho nateremka bondeni kwa mama Agripina nikamwambie yote, kwa Kihangaza chetu. Najua hataniamkia tena. Niombeeni nisirudie njiani...