Moto wa Samadi wa Kailemia

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Kailemia alisimama kwenye ua wa mpakani na kuchungulia boma la jirani yake, Mwirigi. Jikoni kwa Mwirigi moto wa buluu uliwaka bila kuni wala moshi. Gesi yake ilitoka kwenye tangi la samadi lililochimbwa kando ya zizi. Kwa Kailemia, mkewe Kinya alikuwa akipuliza kuni mbichi na kukohoa, macho yamemwiva kama pilipili.

Moto ule ulimuuma Kailemia rohoni. Yeye na Mwirigi walitahiriwa mwaka mmoja. Kwa nini Mwirigi atangulie?

Basi akajenga tangi lake, kubwa zaidi. Hakumuuliza Mwirigi neno. Alichungulia tu: samadi ndoo moja, maji ndoo moja, koroga, mimina. Moto ukawaka. Kailemia akatangaza kijiji kizima cha Kanyakine, "Wakwe wa binti yangu Karambu wakija Jumamosi kutoka Timau, watapikiwa kwa gesi."

Jumatatu moto ukafifia. Jumatano ukazimika.

"Mwirigi ana kijicho," alisema Kailemia. "Ameona tangi langu ni kubwa, ametia kitu."

"Mwenye kijicho ni yule anayechungulia kwa watu," alijibu Kinya. "Nenda ukamwulize."

"Siendi. Heri nikate ule mti wa mukima wa mteremkoni tupate kuni."

"Kata. Mvua ibebe udongo wote, wakwe wakute mtaro."

Kailemia akaenda, miguu mizito.

"Rika langu," Mwirigi alicheka, "leo umepitia mlangoni? Nimezoea kuona kofia yako tu."

Kailemia alipomweleza, Mwirigi alikuja, akatazama tangi, kisha akatazama ng'ombe. "Wanang'aa. Unawapulizia dawa ya kupe wapi?"

"Hapa hapa zizini. Kisha naosha sakafu kwa sabuni na kusukuma vyote tangini. Nilitaka gesi nyingi kuliko yako."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ule ua anakochungulia," Kinya alidakia.

Mwirigi alicheka mpaka akashika nguzo. "Sikiliza. Gesi hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, kama vile vinavyochachusha uji. Ukitia sabuni kwenye uji, utachacha?"

"Hautachacha."

"Na dawa ya kupe huviua vilevile. Mimi huwapulizia ng'ombe nyuma ya ghala, ndiyo maana hukuona. Samadi ya siku za kupulizia siitii tangini, wala maji ya sabuni."

"Sasa Jumamosi moto utawaka?"

"Hautawaka. Tutatoa tope lililoharibika tulifukie mbali na mto. Tutatia samadi safi, na tope la tangi langu liwe chachu. Halafu utangoja wiki kadhaa. Jumamosi Kinya apike kwangu."

Kailemia alitazama mukima. Alitazama shoka. Kisha akaitikia.

Jumamosi wakwe walimkuta akipenya kwenye ua, amebeba sufuria la mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa.

"Hiki ndicho chakula cha gesi tulichosikia?" aliuliza mzee mmoja wa Timau.

"Ndicho," alisema Kailemia. "Lakini gesi ni ya Mwirigi. Yangu niliiua mwenyewe."

Wazee wakacheka, wakanawa mikono, wakala. Hakuna aliyedharau.

Baada ya wiki kadhaa moto wa Kailemia ulirudi. Kinya aliacha kukohoa. Mukima ulibaki umeshika udongo wake. Tope lililotoka tangini walilimwaga kwenye migomba, nayo ikanona bila mbolea ya dukani.

Kisha Wanjugu, mama wa shamba la chini, akaanza kuchimba tangi. Kailemia alienda kulipima kwa macho. Lilikuwa kubwa kuliko lake. Roho ilimuuma, na kwa kitambo alifikiri kurudi nyumbani kimya.

"Mama," akasema, "weka jembe chini kidogo. Kuna jambo kuhusu dawa ya kupe, na sitaki ulijue kama nilivyolijua mimi."